Kila Mpaka Una Mwenyewe

Hotuba hii niliitoa siku ya wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari, hapa Igoma, Mwanza. Naiweka yote kwa ajili ya wazazi waliokuwa ziwani, sokoni na kazini, wakashindwa kufika.

Mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi: shikamooni wakubwa zangu. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum. Itifaki yote izingatiwe, maana jua linapanda na akina mama wengine hapa wameacha biashara zao mikononi mwa majirani.

Nimefundisha hisabati miaka 31, na katika miaka hiyo nimesahihisha madaftari mengi mno. Ipo mada moja ambayo wanafunzi huiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Ni hesabu za kutolingana, zile zenye alama ya kubwa kuliko na ndogo kuliko. Zikija zimeshaandikwa, x hapa na namba pale, mtoto atajikaza atapita. Zikija kama fumbo lenye maneno, "Juma ana fedha zisizozidi kiasi fulani, anataka madaftari yasiyopungua kadhaa", hapo kalamu inagoma.

Naona baadhi ya wazazi mnatazamana, mnasema moyoni, haya ni ya watoto, sisi tumeitiwa nini? Mama, nimekuita wewe kwanza. Hesabu hizi wewe unazifanya tangu alfajiri, kabla mwanao hajaamka.

Mwezi uliopita nilimtuma binti yangu sokoni na noti mbili za elfu kumi. Nauli ya daladala 600 kwenda na 600 kurudi. Lita moja ya mafuta ya kula, 6,000. Fedha inayobaki, nikamwambia, nunua mchele. Kilo moja ilikuwa 2,800. Je, nilimwambia anunue kilo ngapi? Sikumwambia. Nilimpa mpaka tu: usivuke elfu ishirini. Ningemwandikia kama mwalimu, ningeandika hivi, kilo zikiwa k:

1,200 + 6,000 + 2,800k ≤ 20,000

Nauli na mafuta ni 7,200. Tukiitoa, inabaki 12,800 ya mchele:

2,800k ≤ 12,800
k ≤ 4.57

Binti alirudi na kilo nne na nusu za mchele na chenji ya shilingi 200. Hakushika kalamu wala simu. Alisimama mbele ya muuza mchele, akahesabu kichwani, akajua kwamba fedha ya kilo tano haifiki, hata akikubali kurudi kwa miguu.

Sasa niambieni. Mtoto huyu anayejua kusimama kwenye mpaka wa noti mbili, kwa nini akiingia darasani aambiwe hajui kutolingana?

Mlinganyo, ule wenye alama ya sawasawa, huwa na jibu linalodai liwe hilohilo. Hesabu ya kutolingana inakupa uwanja mzima wenye uzio. Kilo moja ni jibu. Kilo mbili ni jibu. Kilo nne na robo ni jibu. Mwenye kuchagua ni wewe, mradi usiruke uzio. Na maisha yetu mengi, wazazi wangu, tunaishi ndani ya uzio kuliko tunavyoishi juu ya alama ya sawasawa. Fedha isizidi. Maji yasipungue. Tufike kabla ya saa mbili. Dawa isipitilize vidonge fulani kwa siku.

Ndiyo maana wanafunzi wangu niliwafundisha kuanza na swali moja, kabla ya x, kabla ya alama: kipi kimekatazwa hapa, na aliyekataza ni nani? Kila mpaka una mwenyewe. Kwa binti yangu, mwenyewe alikuwa noti mbili. Ukishamjua mwenye mpaka, alama inajileta.

Niwape kisa cha lugha, kwa sababu naamini ugonjwa mkubwa uko kwenye maneno, namba hazina kosa.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, mwenye bidii, daftari lake safi kama kitambaa cha altare. Nikatoa fumbo: gari dogo la abiria haliondoki stendi mpaka lipate abiria wasiopungua 10. Andika kwa alama. Akaandika a < 10. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, si umesema kupungua? Kupungua ni ndogo kuliko."

Mnaona? Mtoto hakuwa mjinga. Alisikia "pungua", akakimbilia alama ya udogo. Angesikia "wasiozidi", angesikia "zidi", akakimbilia alama ya ukubwa. Kilichompita sikioni ni kitu kidogo sana kilichokaa katikati ya neno: "si". Wa-SI-opungua. Wa-SI-ozidi. Silabi moja inageuza maana yote kutoka upande huu kwenda upande ule, na mtoto anayesoma kwa haraka anairuka.

Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza kama ninavyowauliza ninyi. Wakiwa 10, dereva anaondoka? "Anaondoka." Wakiwa 9? "Haondoki, konda bado anaita." Wakiwa 14? "Anaondoka, tena anafurahi." Basi, nikamwambia, andika hayo uliyoniambia. Akafuta, akaandika:

a ≥ 10

Namba tatu tu. Ile ya mpakani, moja ya chini yake, na moja ya juu yake. Zijaribu zote kwenye hadithi, siyo kwenye alama. Hadithi haidanganyi, kwa sababu mtoto amekaa kwenye stendi hiyo na anajua konda anavyofanya.

Tena tazameni zawadi iliyo ndani ya Kiswahili chetu. Ukisema "wasiopungua 10", umekanusha upungufu. Ukikanusha upungufu, kinachobaki ni 10 yenyewe na vyote vilivyo juu yake. Kale kamstari kanakokaa chini ya alama, ambako watoto hawajui lini wakaweke na lini wakaache, lugha imeshakaeleza. Ukisikia "si" mbele ya "pungua" au "zidi", ujue ile namba ya mpakani imo ndani. Ukisikia "zaidi ya 10" au "chini ya 10" bila "si", ile namba imebaki nje ya mlango. "Angalau" na "walau" ni ndugu wa "isiyopungua", zinaingia na namba ya mpakani. "Kuanzia 10" vilevile.

Kamstari hako kana historia yake. Alama ya sawasawa iliingizwa kitabuni na Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557. Alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko zilichapwa katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot mwaka 1631, miaka kumi baada ya yeye kufariki. Na mistari ya chini ya alama hizo ikaletwa na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Zaidi ya miaka 100 ilipita kati ya alama na mstari wake! Wataalamu walitembea karne nzima bila huo mstari, halafu sisi tunamchapa mtoto kwa sababu ameusahau kwenye jaribio la dakika 40.

Najua mtihani wa sekondari utakuja kwa Kiingereza. Walimu wenzangu, ninawaomba jambo moja, na ninaliomba kwa moyo wote. Mruhusuni mtoto alihamishe fumbo kwanza kwenye lugha anayoiwaza. Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe, yoyote. Alihamishe, alisikie, ajaribu namba zake tatu, kisha arudi kwenye karatasi na alama yake. Mimi niliwahi kukataza jambo hilo darasani kwangu, miaka yangu ya mwanzo. Nilidhani nawasaidia wazoee Kiingereza. Niliwafunga midomo watoto waliokuwa wanajua jibu.

Haya, wanafunzi, hili ni lenu. Mnajua kwamba alama C inaanzia 45. Mwanafunzi amefanya majaribio matatu: akapata 38, 52 na 41. Limebaki moja. Anataka wastani usiopungua 45. La mwisho apate ngapi?

Majaribio manne kwa wastani wa 45 yanahitaji jumla ya 180. Ameshakusanya 131. Kwa hiyo:

131 + x ≥ 180
x ≥ 49

Apate 49 au zaidi. Inawezekana kabisa. Sasa mwenzake aliyelala mwaka mzima ana 20, 25 na 30. Jumla 75. Fanyeni nami kwa sauti: 180 kutoa 75 ni ngapi? Mia moja na tano. Anahitaji alama 105 kwenye karatasi yenye alama 100. Hesabu imeshamwambia, kabla hajaingia chumba cha mtihani, kwamba mlango huo umefungwa. Angeiandika baada ya jaribio la kwanza, akiwa na 20, ingemwambia anahitaji 160 kwenye majaribio matatu, yaani kama 53 au 54 kila moja. Wakati huo mlango ulikuwa wazi.

Nije kwenye jambo linalowaliza wengi: kugeuza alama. Mmekariri kwamba ukigawanya au ukizidisha kwa namba hasi, alama inageuka. Mmekariri. Nani anaweza kuniambia kwa nini?

Mimi nawapa deni. Mimi nadaiwa 3,000 dukani, wewe unadaiwa 8,000. Namba 3,000 ni ndogo kuliko 8,000, hilo halina ubishi. Lakini kati yetu, mwenye nafuu ni nani? Ni mimi. Hasi 3,000 iko juu ya hasi 8,000. Namba zilezile, zikiitwa fedha mfukoni, wewe uko juu. Zikiitwa deni, mimi niko juu. Kuweka alama ya hasi ni kubadilisha mfuko kuwa deni, na kwenye deni aliyekuwa mbele anakuwa nyuma.

Shule moja niliyofundisha zamani ilikuwa na bweni lenye tanki la lita 2,000. Maji ya bomba yakakatika. Bweni lilitumia lita 150 kwa siku, na matroni akasisitiza kwamba lita 500 zibaki wakati wote kwa ajili ya mgonjwa au moto. Nikalipeleka tatizo lilelile darasani. Maji yatatosha siku ngapi?

2,000 − 150s ≥ 500
−150s ≥ −1,500

Nusu ya darasa wakaandika s ≥ 10. Siku kumi au zaidi. Nikawauliza: basi tukae siku 20, si imeruhusiwa? Tukapiga hesabu. Siku 20 ni lita 3,000. Tanki la lita 2,000 litakuwa limetoa lita 3,000. Mvulana mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, tanki litadaiwa." Darasa zima likaelewa kugeuza alama siku ile, kwa sababu ya tanki linalodaiwa. Jibu ni s ≤ 10. Siku zisizozidi kumi.

Na kama hasi bado inakutisha, ipo njia nyingine ambayo binafsi naipenda zaidi. Usianze na kilichobaki, anza na kinachojaza tanki. Maji tutakayotumia pamoja na ya akiba lazima yatoshe ndani ya tanki:

150s + 500 ≤ 2,000

Toa 500 pande zote, gawanya kwa 150, umefika kwenye siku kumi, na hukukutana na hasi njiani. Wengi wanaogeuza vibaya ni kwa sababu waliandika sentensi ngumu pale ambapo sentensi nyepesi ilikuwepo.

Jambo la namba nzima nalipita haraka. Wanafunzi 130 wanakwenda kutembelea kisiwa cha Saanane, kila boti inachukua 12. 130 gawanya kwa 12 ni 10.83. Boti ngapi? Hapo unapanda hadi 11, maana hakuna mtoto atakayeachwa gatini. Una shilingi 60,000, trei ya mayai ni 9,500. Unapata 6.3. Hapo unashuka hadi 6, maana muuzaji hakukatii trei. Mchele wa binti yangu tuliukata nusu, maana mchele unakatika. Mashine ya kukokotoa haijui tofauti ya boti, trei na mchele. Wewe unaijua.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa kidato cha nne, kwa sababu hapa ndipo mada hii inapolipa.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mwaka jana alikuja kwangu na mita 60 za kitenge na muda wa siku nane kabla ya kurudi kijijini kwenye msiba wa arobaini. Siku nane, saa nane kila siku: saa 64. Gauni linakula mita 3 na saa 4, na linampa faida ya 9,000. Blauzi inakula mita 2 na saa 2, faida 5,000. Akaniuliza, "Kaka, nishone nini?"

Ninyi mnasemaje? Nasikia kule nyuma, magauni! Gauni lina faida kubwa. Na yeye alisema hivyohivyo. Tukajaribu. Saa 64 gawanya kwa 4: magauni 16, faida 144,000. Lakini kitambaa kimetumika mita 48, mita 12 zinabaki zinamwangalia. Tukajaribu blauzi tupu: mita 60 gawanya kwa 2, blauzi 30, faida 150,000. Zaidi! Lakini saa zimetumika 60, na nne zimebaki. Huku kitambaa kinabaki, huku muda unabaki.

Hapa kuna wenye mpaka wawili. Wa kwanza ni kitambaa, wa pili ni saa. Kila mmoja akaandikiwa sentensi yake:

3g + 2b ≤ 60
4g + 2b ≤ 64

Na bila shaka g na b haziwezi kuwa chini ya sifuri, huwezi kushona magauni hasi mawili. Nikachukua karatasi ya miraba, nikachora mstari wa kitambaa, nikachora mstari wa saa. Eneo lililo chini ya mistari yote miwili ndilo uwanja wake. Nukta yoyote humo ndani anaruhusiwa. Lakini iliyo bora iko wapi? Iko konani. Ukiwa katikati ya uwanja, daima unaweza kusogea kidogo ukaongeza faida, mpaka ugonge uzio. Ukiugonga, unaufuata uzio upande unaolipa, mpaka ugonge uzio wa pili. Pale nyuzio mbili zinapokutana, utafute namba zake. Toa sentensi ya juu kwenye ya chini: g ni 4. Magauni manne ni mita 12 za kitambaa, zimebaki 48, blauzi 24. Angalia saa: 16 na 48, jumla 64. Kitambaa chote kimekwisha na muda wote umekwisha.

Faida: 36,000 na 120,000. Jumla 156,000.

Shilingi 12,000 zaidi ya magauni matupu. Mdogo wangu aliitazama ile karatasi kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikibahatisha?" Alishona kona ile. Karatasi ameibandika ukutani juu ya cherehani yake hadi leo, na kila akipata kitambaa kipya anachora mistari mipya.

Hesabu hiyohiyo, wanafunzi, ilimfikisha mtu kwenye Nobeli. Leonid Kantorovich, wa Leningrad, aliulizwa na watengenezaji wa mbao za plaiwudi jinsi ya kugawa magogo kwenye mashine zao. Akaandika jibu lake mwaka 1939. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akapata njia ya kutembea kutoka kona hadi kona bila kuchora, hata mipaka ikiwa mamia. Kantorovich alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 1975. Mmoja alikuwa na plaiwudi, mdogo wangu ana kitenge. Sentensi ni zilezile.

Lakini siyo kila mpaka ni wa faida. Sisi ni watu wa ziwa. Hakuna mtoto hapa asiyemjua sangara. Kwa miaka mingi kanuni ya uvuvi ziwani ilikuwa kwamba sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, wala akizidi sentimita 85:

50 ≤ u ≤ 85

Sentensi moja, mipaka miwili. Wavuvi wengine waliiona ni usumbufu. Lakini ulizeni mwenye mpaka ni nani. Upande wa 50, mwenyewe ni samaki mdogo ambaye bado hajazaa. Upande wa 85, mwenyewe ni mama mkubwa, yule mwenye mayai mengi kuliko wote. Katikati ndipo sahani yetu ilipowekwa. Mtu aliyeandika sentensi ile alikuwa anawaza watoto ambao hawajazaliwa, wa samaki na wa watu.

Na wakulima mliopo, lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja, anashonea kilemba juu ya gunia, linakuwa na kilo 130, analipa bei ya gunia moja. Ukiuza magunia 40 ya namna hiyo, umempa kilo 1,200 bure. Magunia 12! Mpaka ule wa kilo 100 mwenyewe ni wewe mkulima. Uliwekwa kwa ajili yako.

La mwisho ni zito, na sitaki kulisema haraka.

Makaburi ya Igoma hayako mbali na ukumbi huu. Wengi wenu mnajua ni akina nani wamelala pale. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokuwa ndani walikuwa wengi kuliko hao, na mamia hawakurudi. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Jumatatu, siku moja kabla, nilikuwa nimefundisha kutolingana.

Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Bwisya, kisiwani Ukara, wengi wakitoka gulioni Bugorora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101.

n ≤ 101

Waliokufa peke yao walizidi 220. Waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya waliopaswa kuwemo.

Nirudie njia yetu ya namba tatu. Wakiwa 100, inaruhusiwa? Ndiyo. Wakiwa 101? Ndiyo, ile "si" ya "wasiozidi" imemwingiza. Wakiwa 102? Hapana. Sasa fikirini. Huyo wa 102 anapoweka mguu kwenye kivuko, je, anajijua? Hajijui. Ana kikapu chake, ana mtoto mgongoni, anasema moyoni, mimi ni mmoja tu. Na wa 103 anasema, mimi ni mmoja tu. Na wa 150. Na wa 200. Kila mmoja anaongeza moja, na moja ni ndogo. Lakini ziwa halihesabu moja moja. Ziwa linapokea jumla.

Mwenye mpaka pale ni maji yenyewe, na maji hayana konda wa kubembelezwa.

Wazazi wangu, ndiyo sababu nimeacha mada nyingine mbili nikachagua hii. Ninataka mtoto wa Igoma, wa Ukerewe, wa Ukara, akifika gatini, asome ile namba iliyoandikwa ubavuni, ahesabu vichwa, na amvute mama yake mkono: "Mama, tusubiri safari ijayo." Ninataka mama amsikilize.

Mkuu wa shule ananionyesha saa, na mimi ni mtu wa mipaka, siwezi kuuvuka wake. Nimewaandikia fumbo moja ubaoni pale. Lifanyeni leo usiku, mtoto na mzazi pamoja, taa ikiwaka au kwa mshumaa.

Mtumbwi wa injini una uwezo wa kubeba uzito usiozidi kilo 900. Umeshapakia magunia matano ya mahindi, kilo 100 kila moja. Mtu mmoja na mzigo wake wa mkononi tumkadirie kilo 75. Nahodha naye ana uzito wake, msimsahau. Abiria wangapi wapande?

Andikeni kwanza kwa maneno kipi kimekatazwa. Chini yake andikeni sentensi ya alama. Chini yake jaribuni namba tatu. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni pa kidato cha pili, nitapokea madaftari mwenyewe, na nitapenda kuona mwandiko wa mtoto na mwandiko wa mama kwenye ukurasa mmoja.

Asanteni sana.